Baiskeli Iliyoinua Kichwa

Nilifika Segese vumbi likiwa limenijaa hadi kwenye kope. Safari ilianzia Moshi, ambako kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika karakana ya mtu aliyekodisha baiskeli za milimani kwa watalii. Watalii walipopungua, akafunga. Mimi ni mtu ambaye nikikaa mahali muda mrefu barabara huanza kuniwasha nyayo, kwa hiyo sikusikitika sana. Nilifunga boksi langu la spana, nikaingiza baiskeli yangu kwenye buti la basi, na Babati, Singida na Nzega zikapita dirishani, kila mji ukinikumbusha mwingine niliowahi kuuacha.

Nilishuka Tinde, pale barabara inapogawanyika, kulia Shinyanga mjini na kushoto Kahama. Basi likaenda kulia. Mimi nikakaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, nikala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, pamoja na karanga, nikamwambia naelekea Segese.

"Kwa baiskeli hiyo?" akauliza. "Basi wewe una dhahabu kule au una kesi huku."

Sikuwa na kimojawapo. Nilikuwa na rafiki aliyenipigia simu akisema kwamba Segese hakuna anayelala njaa. Nilipofika, baada ya kulala Kahama na kukanyaga pedeli kutwa nzima iliyofuata, simu yake haikupatikana, na jirani zake wakaniambia amehamia machimbo mengine upande wa Geita. Kesho yake nilichungulia duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Nikaona mtu akishuka kwa kamba hadi kofia yake ikawa nukta. Hapo hapo nikajua kwamba dhahabu yangu, kama ipo, iko juu ya ardhi.

Nikaweka boksi langu kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa mpunga. Kilikuwa na kivuli, na sakafu yake ya saruji ilikuwa sawasawa, kitu adimu pale. Na baiskeli zilikuwa nyingi. Usukumani baiskeli hubeba gunia la mkaa, bati za kuezekea, mgonjwa, bibi harusi. Wiki ya kwanza ilipoisha nilikuwa nimeziba pancha nyingi kiasi kwamba watu waliacha kuniita mgeni, wakaanza kuniita fundi.

Mama mmoja muuza maziwa alikuja asubuhi moja akiikokota baiskeli yake, magoti yake yote mawili yamechubuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kitenge amekikaza kiunoni. Madumu mawili ya njano yalikuwa yamefungwa juu ya keria, moja limepasuka. Maziwa yalikuwa yakichuruzika bado kwenye spoku za nyuma.

"Mwangaluka, fundi," akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Pole."

"Usinipe pole. Niambie baiskeli hii ina nini."

Alinieleza mambo yake kwa sentensi chache, kama mtu anayetaja dalili kwa daktari. Mume wake alikuwa machimboni mbali, huja na kuondoka. Yeye alibaki kwa baba mkwe wake, mfugaji, na kila asubuhi alileta maziwa ya boma hilo Segese, kwa mama lishe wanaopikia wachimbaji. Ada za shule za watoto wake zilitoka kwenye maziwa hayo. Katikati ya njia kulikuwa na korongo lenye mteremko mkali upande mmoja na mpando mkali upande wa pili, na hapo ndipo alipokuwa akianguka. Siku hiyo alikuwa ameanguka kwa mara ya tatu.

"Kwa watu wetu maziwa hayamwagwi njiani," akasema. "Mzee anasema ng'ombe watakauka. Nikimwaga tena, njia anapewa shemeji yangu. Ana pikipiki."

"Umemwambia mzee kwamba tatizo ni baiskeli?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza ng'ombe ana miguu mingapi. Katika boma lile, mkamwana hasemezani na baba mkwe wake uso kwa uso. Hamtazami machoni, wala hawapishani kwenye njia nyembamba bila mmoja kukaa pembeni. Angejiteteaje? Kwa hiyo ilibaki njia moja tu, kuvuka korongo akiwa juu ya tandiko na madumu yakiwa mazima.

Nikaiangalia ile baiskeli. Ilikuwa ya gia, mtumba, fremu nzuri. Lakini mbele ilikuwa imesimama kama fahali aliyesikia ngoma. Foki yake, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, ilikuwa ya shokapu na ndefu kupita kiasi. Niliikandamiza kwa mikono, ikazama karibu upana wa viganja viwili kabla ya kugonga mwisho. Fremu kama ile hutengenezwa kwa foki inayozama nusu ya hapo.

"Hii foki si ya baiskeli hii," nikasema.

"Ni zawadi ya shemeji. Ya zamani ilivunjika, akaniletea hii kutoka Geita. Aliifunga mwenyewe."

Wakati huo kijiwe kizima kilikuwa kimeanza kuisifia. Waendesha baiskeli waliokuwa wakisubiri mpunga ukobolewe walikuwa wamekwisha kuizunguka.

"Hiyo ndiyo dume," akasema mmoja. "Angalia kifua."

"Mama, tatizo si baiskeli, ni dereva," akasema mwingine. "Dume halipandwi na mtu mwoga."

"Mke wako alipokutupa nje na ndoo ya maji ulikuwa dume wa wapi?" mama wa maziwa akamjibu bila hata kugeuka, na kijiwe kikacheka mpaka mwendesha mashine akachungulia.

Lakini nilikuwa nimepata jibu langu pale. Wale walikuwa watu wa ng'ombe, na waliipima baiskeli kama wanavyopima ng'ombe mnadani. Kichwa juu, kifua mbele, basi ana nguvu. Sehemu nyingine nilizopita watu hukosea kwa kufunga foki ya bei rahisi. Pale walikosea kwa kuipenda iliyoinuka. Na kadiri foki ilivyokuwa ndefu, ndivyo walivyoiona inafaa zaidi kwa mzigo.

Niliwaomba wanipishe, nikaisimamisha baiskeli juu ya saruji. Nilichukua kamba na kokoto nikatengeneza timazi. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne, lakini hesabu za pembe nilizipenda, na nilikuwa nimeona baiskeli za Moshi zikibadilika tabia kwa kubadilishwa foki tu. Nilimwonyesha mama hatua kwa hatua, kwa sababu alisema hataki kutengenezewa kitu asichokielewa.

"Angalia shingo ya fremu, hapa foki inapoingia," nikamwambia. "Imelala kidogo kurudi nyuma, sivyo? Ukirefusha mstari wake mpaka chini, unagusa sakafu hapa." Nikaweka alama ya chaki. "Tairi lenyewe linagusa hapa, nyuma yake kidogo. Nafasi hii katikati ndiyo inayolifanya tairi likufuate. Ikiwa ndogo mno, usukani unakuwa na haraka, unapinda kabla hujaamua. Ikiwa kubwa mno, usukani unakuwa mzito, na ukienda polepole tairi linaanguka upande, kama kichwa cha mlevi."

"Linaanguka kweli. Kwenye mpando linaanguka kushoto, linaanguka kulia."

"Foki ndefu imeinua mbele yote. Shingo imelala zaidi, na hii nafasi imekua. Na si hilo tu. Pedeli zimepanda juu, ndiyo maana mguu wako haufiki chini ukitaka kujizuia. Tandiko limeegemea nyuma. Juu ya hayo, umeweka madumu nyuma kabisa, juu ya keria. Uzito wote uko nyuma, mbele hakuna kitu cha kuikandamiza foki, kwa hiyo inabaki na urefu wake wote. Unapanda mlima tairi la mbele likiwa linagusa ardhi kwa adabu tu."

Alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo lilinifanya nimheshimu. "Na kwenye mteremko? Huko nilianguka kwa mbele. Mbele haikuwa nyepesi, baiskeli ilinitupa."

"Ukishika breki, uzito wote unakuja mbele. Foki inazama viganja viwili. Shingo iliyokuwa imelala inasimama wima ghafla, ile nafasi ya chaki inapungua, maziwa nayo yanakimbilia mbele ndani ya dumu. Ulianza kushuka na mnyama mmoja, unafika chini na mwingine."

Akaigusa foki kwa kidole, kama anayemkagua ng'ombe wa mtu.

"Ng'ombe anayeringa mnadani huinua kichwa," akasema. "Maksai anayelima hukiinamisha."

"Ndiyo hivyo."

"Basi iinamishe."

Njia ya haraka ingekuwa kuing'oa foki ile na kufunga ya chuma kitupu, isiyo na springi. Nilimwambia hivyo. Alikataa. Zawadi ya shemeji haing'olewi, alisema; ikionekana imetupwa, itakuwa matusi, na shemeji hakuwa mtu mbaya. Alileta kizuri alichokiona Geita. Foki ilipaswa kubaki pale pale, machoni pa watu wote, na bado iwe fupi.

Basi nikaamua kuifupisha kutoka ndani. Nilizilegeza boliti za chini kwa ufunguo wa pembe sita, nikaichomoa miguu ya foki, mafuta meusi yakamwagika kwenye karai. Ndani ya mguu mmoja kuna fimbo, na kwenye fimbo kuna kizuizi kinachoamua foki irefuke mpaka wapi. Nikaweka kipande cha bomba gumu la maji chini ya kizuizi hicho, ili foki isiweze tena kunyooka hadi mwisho wake. Springi ilibaki ile ile, ikawa ngumu kidogo kwa kubanwa, na hilo lilitufaa. Kwa nje hakuna aliyeweza kuona chochote, ila fremu imeshuka mbele.

Katika jaribio la kwanza niliifupisha mno. Nilitaka kuhakikisha. Aliizungusha baiskeli mbele ya mashine, akarudi amekunja uso.

"Sasa ina wasiwasi. Nikipumua tu inapinda. Na pedeli imegonga jiwe pale."

Alikuwa sahihi. Shingo ilikuwa imesimama kupita kiasi na pedeli zimeshuka karibu na ardhi. Njia ya korongo ilikuwa na mawe. Nikafungua tena, nikakata bomba jingine fupi zaidi. Akajaribu. Akasema imekaribia, lakini kwenye kona bado inakimbilia ndani. Nikafungua tena. Kijiwe kikaanza kutucheka, wakasema fundi na mama wa maziwa wanaifanyia foki upasuaji wa uzazi. Yeye hakujali. Siku hizo alipeleka maziwa kwa baiskeli ya kuazima, akiikokota kwa miguu kwenye korongo, mteremko na mpando, mabega yamemvimba, kisha jioni anarudi kwangu. "Leo tukate kiasi gani?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mwishowe foki ikabaki na mchezo wa kuzama wa upana wa kiganja kimoja na vidole viwili. Kisha tukahamia kwenye mzigo. Nilichomea vyuma viwili pembeni mwa keria, madumu yakaning'inia chini, kulia na kushoto, karibu na ekseli ya nyuma badala ya kukaa juu na nyuma yake. Nilimwambia ayajaze hadi mdomoni, kwa kuwa maziwa yasiyo na nafasi hayana mahali pa kukimbilia. Tulipojaza maji na mimi mwenyewe nikaipanda kwenye korongo, kushuka na kupanda, nilihisi tairi la mbele limeshika ardhi. Niliangalia nyuma kwenye vumbi. Zamani alama ya tairi lake la mbele ilikuwa ikichora nyoka. Sasa ilikuwa kama mstari wa jembe.

"Kesho nabeba maziwa," akasema.

"Subiri siku mbili uizoee."

"Kesho, fundi. Mzee amesema kesho atakuja kwenye korongo mwenyewe. Na shemeji atakuwepo na pikipiki."

Nilikwenda. Baba mkwe alikuwa amesimama ukingoni upande wa Segese, mzee mwembamba, blanketi begani na fimbo ya kuchungia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye njia. Shemeji alikuwa ameegemea pikipiki yake, kijana mcheshi, mswaki wa mti mdomoni.

"Fundi," akaniambia, "nasikia umeikata miguu zawadi yangu."

"Foki yako ndiyo hiyo hiyo. Utaiona."

"Akianguka, mimi sina ubaya naye. Ni shemeji yangu, nampenda. Nitambeba yeye na maziwa yake wote pamoja."

"Nyamaza," mzee akasema.

Mama wa maziwa akatokea upande wa pili, juu ya mteremko. Alimwona mzee, na nikaona akisita. Kwa desturi yao alitakiwa kushuka, akae pembeni, ainamishe uso mpaka mzee apite. Lakini mzee hakuwa akipita. Alikuwa amesimama katikati ya kile alichotaka kukiona. Basi akajifunika kichwa kwa upande wa kitenge, akauma ncha yake kwa meno ili usipeperuke, akateremka bila kuinua macho zaidi ya tairi lake.

Alishika breki pale pale alipoanguka mwanzo. Foki ikazama, lakini ikazama kidogo, ikasimama. Baiskeli haikugeuka mnyama mwingine. Chini kulikuwa na mchanga. Tairi la mbele likayumba mara moja, nikasikia shemeji akivuta pumzi, na likarudi kwenye mstari. Kisha mpando. Alibadilisha gia, akainama juu ya usukani, mgongo wake ukawa kama wa maksai. Tairi halikuanguka kushoto, wala kulia. Alifika juu, akatupita karibu kabisa, uso umeinama, na akasimama hatua kumi na kitu mbele, ametugeuzia mgongo.

Mzee aliisogelea baiskeli bila kumtazama mwenye nayo. Akapapasa madumu, akanusa vifuniko. Kisha akaikandamiza foki kwa kiganja, ikashuka, ikapanda.

"Ni ile ya Geita?" akamuuliza mwanawe.

Shemeji akaichungulia. "Ndiyo yenyewe, baba. Ina mkwaruzo wangu hapa. Ila imeinamisha kichwa."

"Naona." Mzee akaiacha foki. Kisha akamwambia kijana, kwa sauti ya kusikika mpaka pale mkamwana alipokuwa amesimama: "Mwambie shemeji yako, maziwa yaende kama kawaida. Kesho na kesho kutwa. Na huyo ng'ombe mwekundu aliyezaa juzijuzi, maziwa yake nayo yaongezwe."

"Shemeji," kijana akapaza sauti kwa mwanamke aliyekuwa mbele yake kabisa, "baba anasema…"

"Mwambie nimesikia," akajibu, na akakanyaga pedeli kwenda Segese, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na mama lishe walikuwa wakisubiri.

Baada ya hapo kazi ilinijia yenyewe. Kila mwenye foki ndefu alikuja kwenye kibaraza akisema kwa sauti ya chini, kama anayekwenda kwa mganga, "Fundi, na yangu iinamishe." Yule aliyesema dume halipandwi na mwoga alikuja pia. Wengine niliwakatalia. Waliobeba mizigo myepesi na kushuka vilima vya mawe kwenda kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, foki ndefu iliwafaa, mradi fremu iliikubali. Nilikuwa nimeamua kutomfanyia mtu kitu kwa sababu tu jirani yake amefanyiwa. Kila baiskeli niliiweka kwenye saruji, nikashusha kamba na kokoto, nikamuuliza mwenyewe anabeba nini na anapita wapi.

Nilikaa Segese muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu nilipoondoka kwetu. Vijana wawili wa kijiweni walikuwa wamekwisha kujua kufungua foki na kukata bomba bila kuniuliza. Nilipoona hivyo, na mvua zilipokatika barabara ikakauka, nyayo zikaanza kuniwasha. Nilisikia Runzewe kuna baiskeli nyingi na fundi hakuna.

Niliaga kijiwe asubuhi. Waliniambia nitarudi, nikawaambia hapana, na nilimaanisha. Boksi la spana nililifunga nyuma. Nilichagua kupita njia ya korongo, ingawa haikuwa fupi, na nilipofika ukingoni nikamwona mama wa maziwa upande wa pili akianza kuteremka. Sasa madumu yalikuwa manne, mawili kila upande. Nikasogea kando ya njia kumpisha.

Akashuka, akavuka mchanga, akapanda. Hakuteremka kwenye tandiko. Alipofika usawa wangu aliona boksi, akaelewa.

"Unaondoka, fundi."

"Naondoka, mama."

"Ungesema jana. Leo maziwa hayasubiri."

"Yasisubiri. Nenda."

Akapiga kengele mara moja na hakugeuka tena. Nilimtazama mpaka kitenge chake kikapotea kwenye kona ya mashamba ya mpunga. Kisha nikapanda baiskeli yangu nikateremka korongoni, na kwenye vumbi mbele yangu kulikuwa na mstari mmoja wa tairi, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaweka tairi langu juu yake, nikaufuata hadi upande wa pili.